Barbara Castle na kesi za Mau Mau

Ndugu, umeuliza Barbara Castle alikuwa nani hata atajwe kila zinapozungumzwa kambi ambamo Waingereza waliwafunga watuhumiwa wa Mau Mau, waliopigania uhuru wa Kenya. Alikuwa mbunge wa chama cha Labour wa Blackburn, Uingereza, kuanzia 1945 hadi 1979. Mwaka 1955 alifunga safari hadi Kenya kufuatilia kifo cha Kamau Kichina, aliyefia mikononi mwa polisi baada ya kuteswa. Kisha Machi 1959, walinzi wa kambi ya Hola, Kenya, walipowapiga wafungwa 11 hadi wakafa, serikali ya kikoloni ilidai kwanza kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Castle alikuwa miongoni mwa wabunge waliokataa uongo ule na kuwabana mawaziri bungeni. Kwangu mimi hilo ndilo kubwa kuliko vyeo vyote alivyopata, maana wapiga kura wake wa Blackburn hawakumtuma kazi hiyo.

Kwao anakumbukwa zaidi kama Waziri wa Uchukuzi, aliyeleta kipimo cha ulevi kwa madereva mwaka 1967, ingawa yeye mwenyewe hakuwa anaendesha gari. Baada ya mgomo wa wanawake wa kiwanda cha Ford, Dagenham, 1968, alisimamia sheria ya 1970 ya malipo sawa kwa wanawake na wanaume. Waziri Mkuu James Callaghan alimwondoa katika baraza la mawaziri 1976. Hakunyamaza: alikwenda Bunge la Ulaya miaka 10, na uzeeni akaipigania pensheni ya wastaafu dhidi ya serikali ya chama chake mwenyewe. Alifariki 2002.