Jibu: Seli zinakua polepole ilhali midia iko safi

Salaam mkuu. Nimekuelewa hivi: seli unazootesha maabara zilikuwa zikigawanyika vizuri, sasa zinasuasua, midia (kimiminika cha kuoteshea seli) haijachafuka, hadubini haionyeshi bakteria, na umeshauriwa ubadilishe seramu (majimaji ya damu yanayotiwa kwenye midia kulisha seli). Usianzie kwenye seramu. Pima kwanza maikoplazima, bakteria wadogo sana wanaoambukiza seli za maabara.

Mimi walinilia miezi minne ya uzamili. Hawa bakteria hawana ukuta wa seli, kwa hiyo penisilini unayotia, ambayo hushambulia ukuta huo, haiwagusi, na ni wadogo kiasi cha kupenya chujio la mikromita 0.22. Midia inabaki angavu kabisa.

Niliotesha seli wiki moja bila antibiotiki yoyote, kisha nikazipaka rangi ya Hoechst, inayofanya DNA ing'ae. Seli safi huonyesha viini tu, vyenye mpaka unaoeleweka. Zangu zilikuwa na vidoti vya buluu vimetapakaa nje ya viini, kama vumbi kwenye kioo. PCR (kipimo cha kunakili DNA ili kuitambua) ikathibitisha. Fanya vipimo vyote viwili ukiweza, maana rangi peke yake hudanganya seli zikiwa zinakufa: vipande vya DNA yao hung'aa vilevile.

Ukiwakuta, tupa hizo seli. Najua inauma sana, lakini kuzitibu huchukua wiki kadhaa na data uliyokwisha kukusanya bado itatiliwa shaka. Yeyusha kichupa cha zamani zaidi cha seli ulizogandisha, kipime nacho, na ukikuze kwenye inkubeta ya pekee. Chanzo cha kwangu sikukibaini hadi leo.

Wenzako mnaotumia inkubeta moja, seli zao zinaendeleaje?