Ibada ya kila siku kwa mtu wa korosho na bahari

Mkuu mleta uzi, umeuliza kwa nini Ramadhani unakuwa mtu mwingine kabisa, halafu Shawwal, mwezi unaofuata, haijafika hata katikati umesharudi palepale. Unataka utaratibu unaoshikika huku una shamba la korosho Nanyamba na biashara ya samaki Mikindani, huku Mtwara. Waliotangulia kukujibu wamekupa orodha ndefu ya nyiradi (maneno ya kumtaja Mungu yanayorudiwa kwa hesabu) na kukuhimiza uamke saa tisa usiku. Nyiradi hazina ubaya, ila dawa yako haipo hapo. Ramadhani mtaa mzima umebadili ratiba: daku ina saa yake, futari ina saa yake, msikiti umejaa, na wewe unabebwa humo humo. Mwezi ukiandama, hakuna tena kinachokubeba. Kwa hiyo jenga ratiba kwanza, hamasa itafuata au isifuate, shauri yake.

Na ratiba ya huku Kusini wanaipanga korosho na maji ya bahari. Ukiiga ya mtu wa ofisini Dar, haimalizi msimu.

Anza na alfajiri, lakini usiifunge kwenye saa moja ya simu. Mtwara, Julai jua linachomoza karibu saa kumi na mbili na nusu, Novemba ni saa kumi na mbili kasorobo hivi. Mtu aliyetega alamu saa kumi na moja na nusu wakati wa kipupwe, Novemba anaswali mbiombio jua likimchungulia, na huo ndio mwezi wa kuokota korosho na kuwahi ghala la AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima. Anaona imani imeshuka, kumbe alamu ndiyo haikusogezwa. Isogeze kila baada ya wiki mbili, au fuata adhana. Mkristo afuate kengele. Wabenediktini wa Ndanda, watawa wa Kikatoliki waliopo pale tangu 1906, wanaishi hivyo hivyo: kengele ikilia kazi inasimama, haingoji mtu ajisikie kusali.

Msimu wa salfa una mgongano wake. Salfa ya unga, dawa ya mikorosho, hupulizwa alfajiri kwa sababu upepo umetulia na umande unaunasisha unga kwenye majani na maua. Ukijiambia utaswali ukirudi, utarudi jua la saa mbili, macho yanawasha. Swali kwanza, nyiradi uzilete ukiwa njiani, maana mashine ikishaanza kuunguruma mgongoni hesabu zote zinapotea.

Kiasi: anza na kile unachoweza kukifanya siku mbaya kuliko zote, ile ambayo mtoto ana homa na mteja hajalipa. Subhanallah 33, Alhamdulillah 33, Allahu Akbar 34 baada ya swala moja tu, bila kukimbiza, ni dakika tatu hivi. Kwa Mkatoliki, kumi moja la rozari (Salamu Maria kumi) ni muda uleule au zaidi kidogo. Kaa hapo mwezi mzima kabla hujaongeza. Wanaoanza na tahajudi, swala ya usiku wa manane, kila usiku huishia kusinzia sokoni mchana, na wakiiacha huacha na vile vidogo walivyokuwa navyo.

Kuhusu funga za sunna kuna jambo la pwani ambalo vitabu havikwambii. Siku nyeupe, yaani tarehe 13, 14 na 15 za mwezi mwandamo, zinaangukia kwenye bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida. Maji yanakupwa sana asubuhi, saa tatu mpaka saa tano hivi, na ndiyo saa za kwenda mwambani kutafuta pweza. Kufunga huku unatembea juu ya mwamba jua la utosi ni kujitafutia kizunguzungu. Kama riziki ya nyumba yako inatoka mwambani, chukua Jumatatu au Alhamisi zinazoangukia maji mafu, yaani siku ambazo bahari haijai wala haikupwi sana. Mwenye kisukari au vidonda vya tumbo amuone daktari kabla ya kufunga.

Sasa muhasaba, yaani kujikagua mwenyewe, na hapa ndipo penye kazi yenyewe. Wengi wana ibada nyingi ila tabia haisogei, kwa sababu hakuna anayekagua. Tafuta daftari dogo na kalamu, kaa baada ya Isha au baada ya chakula cha usiku, kwenye kiti au mkeka, si kitandani. Kitandani utalala kabla ya mstari wa pili. Andika mistari mitatu tu: jema moja ulilofanya, kosa moja ukilitaja kwa jina lake, na mtu mmoja unayepaswa kumwomba radhi au anayekudai haki. Mfano:

“Jumanne. Nimemwachia mzee nafasi kwenye daladala. Nimemwambia mteja samaki changu ni wa leo, kumbe ni wa jana kwenye barafu. Shemeji, hela ya gesi.”

Umeona? Hakuna “nimejisikia mbali na Mungu”. Hisia zinapanda na kushuka kwa njaa na usingizi, hazikaguliki. Uongo wa samaki unakaguliwa: kesho unauza wa jana kwa bei ya wa jana. Usiandike makosa kumi kwa usiku mmoja pia, utakata tamaa na daftari litaishia kufungia karanga.

Alhamisi usiku, au Jumamosi kwa wa kanisani, soma wiki nzima. Kosa lililojirudia mara tatu ndilo somo la wiki inayofuata, mengine yaache kwanza. Yule mtu wa mstari wa tatu mpigie simu ndani ya siku tatu. Anayeswali usiku kucha huku deni la duka la jirani lina mwaka wa pili, huyo bado hajaanza, na samahani kama nimemgusa mtu.

Pesa za mnada wa korosho ndizo zinazowapoteza wengi zaidi, maana zinaingia kwa mkupuo. Siku ileile zinapoingia, kabla hujapanda gari kwenda mjini, tenga fungu la madeni, la ada, na la sadaka hata likiwa dogo. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wa pwani tunayafuata, korosho si chakula kikuu cha kuweka akiba, hivyo zaka haimo kwenye magunia. Inaingia kwenye pesa iliyobaki ikifikia nisabu, kiwango cha chini cha kutolewa zaka (wanaopima kwa dhahabu ni gramu 85) na kukaa mwaka mzima wa mwezi mwandamo: asilimia 2.5. Andika tarehe ya kuanza kuhesabu kwenye jalada la daftari. Sheikh wako atakusaidia kama kuna madeni ndani yake.

La mwisho, kwa sababu kuna mchangiaji juu ameshauri wote wenye huzuni waongeze dua tu. Mtu akikosa usingizi wiki mbili, au akisikia sauti zisizosikiwa na wengine, au akitaka kujidhuru, apelekwe hospitali ya Ligula hapa Mtwara, na wa Lindi apelekwe hospitali ya Sokoine. Dua iendelee hukohuko, na dawa zisiachwe.

Ukianza wiki hii, mistari mitatu itangulie. Alamu tutaipanga ukituambia uko shambani au mjini kwa sasa.