Mursik kwa mtoto mdogo: maziwa yachemshwe kwanza

Dada, umeuliza kama mursik, yaani maziwa ya mgando ya Wakalenjin, ambayo mama mkwe wako huigandisha kwa maziwa mabichi kwenye kibuyu inamfaa mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Ikiwa maziwa hayajachemshwa, usimpe. Ni kweli kwamba bakteria wanaogeuza sukari ya maziwa kuwa asidi huzuia vijidudu vingi kuzaana, lakini uchachu hauui kila kitu: viini vya brusela (ugonjwa wa mifugo unaoambukiza watu) na vya kifua kikuu cha ng'ombe vinaweza kubaki hai ndani ya maziwa yaliyokwisha kuganda.

Mwombe mama, kwa heshima zote, achemshe maziwa mpaka yafure, ayafunike yapoe, kisha ayamimine kwenye kibuyu kilichosuguliwa, kikaoshwa kwa maji ya moto, kikakauka na kupakwa makaa ya mti wa senetwet kama kawaida yake. Kwa kuwa moto huua hata bakteria wanaogandisha, aongeze vijiko viwili vya mursik nzuri iliyotokana na maziwa yaliyochemshwa. Ukiona ukungu wa rangi, mwaga yote, usiengue juu tu. Maziwa ya ng'ombe aliyedungwa antibiotiki yasitumike kabisa mpaka zipite siku alizotaja daktari wa mifugo.

Kwa upande wa lishe, protini na kalsiamu hubaki, na sukari ya maziwa hupungua, jambo linalosaidia matumbo yanayosumbuliwa na maziwa ya kawaida. Hata hivyo, maziwa yana madini ya chuma kidogo mno, kwa hiyo mursik isichukue nafasi ya maharagwe, nyama na mboga za majani.