Ndugu yenu kapotea vitani na hakuna anayejua kitu: fanyeni hivi

Kaka yangu alipotelea vitani na mpaka leo hatujui yuko wapi, kwa hiyo haya nawaandikia nyie ambao simu ya mtu wenu haipatikani na kila mmoja nyumbani anawaza lake.

Kimya peke yake hakithibitishi kitu jamani. Mtandao unaweza kuwa umekatwa, au kalazwa hospitali bila kitambulisho, au katekwa. Mkataba wa Tatu wa Geneva wa 1949 unasema mateka wa vita aruhusiwe kuwaandikia ndugu zake kadi ndani ya wiki moja tangu afike kambini, ila si kila upande unatimiza.

Nendeni mapema Msalaba Mwekundu au Hilali Nyekundu, hata kama nyie wenyewe ni wakimbizi nchi nyingine, mfungue ombi la kutafutiwa ndugu. Ni bure, na kazi hiyo wameianza tangu vita ya Ufaransa na Prussia ya 1870. Pelekeni majina yote anayoitwa, majina ya wazazi, nani alimwona mwisho na wapi, makovu, na meno pia, watu wanasahau sana meno. Mteueni mtu mmoja wa kupokea simu, na mkibadilisha namba wajulisheni.

Wazazi wakiombwa sampuli ya DNA watoe wakiwa bado hai na wana nguvu. Mama yetu aliona kama anaambiwa mwanae kafa, tukamweleza taratibu kwamba sampuli yake inasubiri tu, haisemi lolote mpaka kuwe na cha kulinganisha nacho.

Matapeli watakuja. Sisi tulipigiwa na mtu anajua jina lake, ana picha yake, anataka pesa atuunganishe naye, na vyote hivyo vilikuwa vinasambaa mtandaoni. Tukamuuliza kitu ambacho kaka tu ndiye angekijua, akakata simu. Na msiposti kikosi chake wala cheo, kama katekwa mnaweza kumponza.

Lakini kazi ngumu zaidi iko ndani ya nyumba. Mama anasema yuko hai, mdogo wangu anataka tuweke msiba, shemeji hataki kusikia upande wowote, yaani mnaweza kugombana hadi mkaacha kusemeshana wakati wote mnamlilia mtu mmoja. Msilazimishane. Watoto msiwaambie baba kasafiri, waambieni hatujajua, tunamtafuta, maana siku wakisikia ukweli kwa watu wa nje hawatawaamini tena.

Na mke wake akihitaji karatasi ya mahakama ili apate mshahara au mali za watoto, msimwite msaliti, ana watoto wa kulisha huyo. Baadhi ya nchi zina hati inayosema mtu hajulikani alipo bila kusema kafa, mwulizieni hiyo kwanza kabla ya cheti cha kifo.