Kabla ya kuongeza maua, tazama kwanza majani ya mlimau wako

Dada yetu wa Njiro ameuliza kwa nini bustani yake, yenye mawaridi ya kila rangi, haitembelewi na vipepeo. Nami hapa Moshi nilihangaika na jambo hilo hilo kwa miaka mitatu, hadi nilipogundua kwamba mwuaji wao nilikuwa mimi mwenyewe.

Nyuma ya jiko nina mlimau. Kila baada ya masika majani yake machanga yalikuwa yakiliwa, na juu yake nikiona vidudu vyeusi vyenye baka jeupe, ungedhani ni kinyesi cha ndege. Muuza pembejeo mmoja akaniuzia dawa, nikajaza bomba na kuupulizia mti wote. Sikujua kwamba hao walikuwa viwavi wa yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano, ambaye wataalamu humwita Papilio demodocus, na ambaye hutaga kwenye milimau, midimu na michungwa.

Mwaka uliofuata niliacha kupulizia. Kiwavi huyo akikua huwa wa kijani, na ukimgusa huchomoza nyuma ya kichwa pembe mbili laini za rangi ya chungwa zenye harufu kali. Mjukuu wangu humchokoza kwa kijiti makusudi ili azione. Mti mkubwa hustahimili kuliwa kidogo, lakini mche mchanga unaweza kubaki vijiti vitupu, kwa hiyo viwavi wa kwenye miche huwahamishia mlimau mkubwa kwa mkono.

Kuhusu maua, mawaridi yenye petali zilizosongamana hayamfai sana kipepeo, kwani mrija wake haupati njia rahisi ya kufikia nekta, na mengine hayana nekta ya maana. Panda zinia zenye safu moja ya petali, mahali penye jua la kutosha na pasipopigwa na upepo. Lantana huwavuta mno, ila mimi siipandi, maana husambaa hadi malishoni na majani yake ni sumu kwa ng'ombe.

Acha pia mahali padogo penye tope, kwa kuwa vipepeo, hasa madume, hutua hapo kunyonya chumvichumvi. Kwangu hukusanyika chini ya koki ya uani inayodondosha maji, ambayo mke wangu ananidai niitengeneze tangu mwaka jana.