Kumpima kipa chipukizi wa hoki ya barafuni: tazama kilichotangulia shuti

Anayeanza kazi ya kupima makipa wadogo wa hoki ya barafuni hupewa orodha ya namba za jezi na dakika chache kwa kila mtoto, na bila kukusudia hujikuta anahesabu magoli. Nami nilianza hivyo hivyo. Katika majaribio yangu ya kwanza niliwatazama makipa wawili wa miaka 12. Mmoja alifungwa magoli matano, mwingine mawili, nikampa huyu wa pili alama za juu bila kusita. Jambo lililonipita ni kwamba yule wa kwanza, kila pasi ilipokatiza mbele ya goli, aligeuza kichwa kwanza, akajisukuma, akasimama, na tayari alikuwa ametulia shuti lilipopigwa. Alifungwa juu ya mabega kwa sababu alikuwa mfupi. Mwenzake aliokoa kwa mgongo, kwa kiwiko na kwa kujirusha, akiwa bado anateleza kila kisahani, kile kinachochezwa badala ya mpira, kilipompata. Msimu uliofuata washambuliaji wa rika lao walikuwa wamejifunza kupiga pasi za haraka kutoka upande mmoja hadi mwingine, na yule niliyemsifu akawa anachelewa karibu kila mara, ilhali yule mfupi alikuwa amerefuka.

Goli la hoki lina upana wa mita 1.83 na kimo cha mita 1.22, na halipunguzwi kwa sababu kipa ni mdogo, isipokuwa pale watoto wanapochezeshwa kwa magoli madogo. Kisahani chenyewe kina kipenyo cha sentimita 7.62 tu. Kwa hiyo pembe za juu za goli zitabaki wazi kwa mtoto mfupi hata akifanya kila kitu sawasawa, na kumkata alama kwa goli la namna hiyo ni kupima urefu wake. Asilimia ya mashuti yaliyookolewa nayo haina uzito mkubwa katika umri huu, kwani katika mchezo wa mashuti 20 goli moja hubadilisha hesabu kwa asilimia 5, na goli hilo huenda limetokana na beki aliyepoteza kisahani mbele ya goli lake mwenyewe.

Ningekushauri uanze kutazama kabla mashuti hayajaanza, wakati makipa wanapasha misuli, kwa sababu kuteleza ndiko msingi wa kazi yote ya kipa. Anapohama kutoka nguzo moja kwenda nyingine, je, anaelekeza skeiti moja kule anakokwenda na kujisukuma mara moja kwa nyingine, au anakwenda kwa vihatua? Tega sikio pia. Kipa anayesimama vizuri hutoa mkwaruzo mmoja mfupi barafuni. Asiyejua alipo husikika akikwaruza mara tatu nne, akijirekebisha huku mpigaji amekwisha kuinua gongo.

Kisha nenda ukasimame nyuma ya goli, kwa kuwa ukiwa pembeni huwezi kuhukumu pembe. Chora kichwani mstari kutoka kwenye kisahani hadi katikati ya goli, uone kama kifua cha kipa kiko juu yake. Kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko yote ni mtoto kuuelekea mwili wa mpigaji, ilhali kisahani kiko kwenye ncha ya gongo, pengine mita moja kando. Kwa macho ya mgeni kipa huyo anaonekana yuko mahali pake, na akifungwa upande ulioachwa wazi watu husema mikono yake ni mizito.

Mtindo wa kipepeo, yaani kupiga magoti na kutandaza pedi za miguu pande mbili, ulianza kuonekana kwa kipa Glenn Hall na baadaye ukaenezwa na kipa Patrick Roy akifundishwa na kocha François Allaire. Leo kila mtoto anaujua, na wengi huupenda mno, wakashuka kabla mpigaji hajaamua. Angalia anashuka lini, lakini angalia zaidi anavyoinuka: anayetaka kwenda kushoto anapaswa kuinua mguu wa kulia ili ausukumie, na anayekosea mguu hupoteza muda ambao glavu haiwezi kuurudisha. Shuti likimgonga, fuata kisahani kinakokwenda. Kukidaka au kukifunika ni bora, kukipangua kuelekea kona kunafaa, ila kukitema mbele ya goli ni kumpa mshambuliaji nafasi ya pili.

Kuhusu moyo wa kipa, usiandike sana juu ya mtoto aliyepiga gongo lake kwenye nguzo kwa hasira. Tazama anasimama wapi katika shambulio linalofuata. Kama alikuwa anatoka mbele kuziba pembe na sasa amerudi hadi kwenye mstari wa goli, amepoteza ujasiri, na hilo linafundishika.

Utabiri uwe wa tahadhari. Kipa Dominik Hašek alichaguliwa wa 199 mwaka 1983 timu za NHL, ligi kuu ya hoki ya barafuni ya Amerika Kaskazini, zilipoteua wachezaji chipukizi kwa zamu, na kipa Henrik Lundqvist wa 205 mwaka 2000, wote wakiwa na miaka 18 na wakitazamwa na watu wenye uzoefu mkubwa. Wa kwanza akaja kushinda Tuzo ya Vezina, ya kipa bora wa ligi hiyo, mara sita, wa pili mara moja. Ikiwa hao walikosewa hivyo, mtoto wa miaka 12, ambaye huenda kazaliwa Desemba na anashindana na waliozaliwa Januari ya mwaka huo huo, hastahili hukumu ya mwisho.

Katika karatasi yako andika ulichokiona. “Ana kasi” haimsaidii mtu. “Alifika na kusimama kabla ya shuti mara saba kati ya kumi” inamsaidia mwalimu, mzazi na mtoto mwenyewe. Na ukipata nafasi, muulize kipa baada ya zoezi goli la mwisho lilitokea wapi. Anayekueleza kwamba alikiona kisahani kikitoka kwenye gongo, kikapotea nyuma ya mguu wa beki, alikuwa anakifuata kwa macho hadi mwisho, na hilo nalo liandike.