Ni nani huyo aliyepita uani? Majibu kwa wasomaji wa nyika kame

Barua za mwezi huu zimetoka Lodwar, Wajir, Garissa, Marsabit na Isiolo, na nyingi zinaanza hivi: "Tumeua kitu hapa nyumbani, hatujui ni nini." Huniuma kidogo kuzisoma. Mdudu aliyepondwa kwa kandambili hatambuliki: mkia umekatika, miguu haihesabiki. Kabla ya kuvua kandambili, mtazame nusu dakika ukiwa hatua tatu hivi. Akiwa nyoka, rudi nyuma zaidi.

Usiku kuna buibui mkubwa wa rangi ya mchanga, ana miguu kumi, na hutukimbiza kweli kweli. Wazee wanasema sumu yake huua ngamia. Ni kweli? (Lodwar)

Huyo ni buibui-jua, na nadhani hakuna kiumbe anayesingiziwa kama yeye kaskazini nzima. Si buibui wala si nge, ingawa wote watatu ni wa ukoo mmoja. Mhesabu tena: miguu ni minane. Ile miwili ya mbele inayofanana na miguu ni vipapasio, anavyotumia kupapasa njia na kunasa windo. Hana sumu, hafumi utando, na ngamia hana habari naye. Silaha yake ni taya, na taya zake ni kubwa mno kwa mwili ule. Ukimshika atakuuma na utaumia, kwa hiyo usimshike. Akishakuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji safi.

Kuhusu kukukimbiza: mchana anatafuta kivuli, na kivuli kilicho karibu ni chako. Ukikimbia, kivuli kinakimbia nawe, naye anakifuata. Piga hatua kando umwone akipita. Usiku anakuja kwenye taa kwa sababu wadudu anaowala wamejaa hapo. Mwache ale.

Nge wamezidi msimu huu na nina watoto wadogo. Nitajuaje yupi ni hatari? (Mama wa watatu, Wajir)

Mama, angalia magando na mkia. Mwenye magando manene na mkia mwembamba hutegemea nguvu za magando, na mara nyingi sumu yake si kali sana. Mwenye magando membamba na mkia mnene ndiye wa kuogopwa. Hii ni dalili tu, si hukumu. Mtoto mdogo akiumwa na nge yeyote, mpeleke hospitali mara moja bila kungoja kuona atakavyokuwa, maana mwili mdogo huzidiwa na sumu haraka. Usichanje wala usifunge kamba.

Kuna jambo ambalo nataka kila nyumba huko ilijue. Nge hung'aa kijani akimulikwa kwa ile taa ya zambarau ambayo wenye maduka hukagulia noti bandia. Nunua tochi ya aina hiyo, zima taa za nyumba, kisha mulika ukutani, chini ya kitanda na kwenye rundo la kuni. Utawaona waziwazi. Sogeza vitanda mbali na ukuta, na viatu vikung'utwe kila asubuhi.

Baada ya mvua ya kwanza mchanga ulijaa vidudu vyekundu, laini kama mahameli. Vinauma? (Garissa)

Haviumi. Ni ndugu wa kupe na utitiri, lakini wakubwa wake huwinda wadudu wadogo na mayai yao ardhini. Hutoka kwa muda mfupi tu baada ya mvua, halafu hurudi chini. Waiteni watoto waje kuona mapema.

Nilimwona fisi mwenye milia karibu na boma. Si yule wa madoa. Vijana wanataka kumwekea sumu. (Mfugaji, Marsabit)

Ndugu yangu, wazuie. Kwanza, huenda si mnyama unayemdhani. Huko kwenu kuna wawili wenye milia. Fisi milia ana ukubwa wa mbwa mkubwa, kilo 25 hadi 45, masikio yamechongoka, na ana manyoya marefu mgongoni ambayo husimama akishtuka. Hana kile kilio cha "uuu-wup" wala kicheko cha fisi madoa, ni mkimya. Chakula chake kikubwa ni mizoga na mifupa, ingawa mbuzi aliyelala nje anaweza kumchukua.

Wa pili, ambaye kwa Kiingereza huitwa aardwolf, ni mdogo zaidi, kilo kumi hivi, mwembamba, milia michache iliyo wazi ubavuni. Huyo hula mchwa. Usiku mmoja anaweza kulamba mchwa zaidi ya 200,000, na meno yake ya nyuma ni vijiti tu visivyoweza kutafuna mbuzi. Ameuawa mara nyingi kwa kosa la binamu yake, na mchwa anaowala ni wale wanaokata nyasi ambazo mifugo wako wanazitafuta.

Na sumu haichagui. Tai watakuja kwenye mzoga ule, kisha mbweha, kisha mbwa wako mwenyewe. Imarisha ua wa miiba, na mbuzi walale ndani.

Nikienda chooni usiku nilisikia sauti kama maji yakidondokea kikaango cha moto. Nilimulika nikaona nyoka mfupi amejikunja. (Kakuma)

Mshukuru Mungu ulikuwa na tochi. Sauti hiyo haitoki mdomoni. Kuna nyoka huko Turkana, wataalamu humwita Echis pyramidum, ambaye magamba yake ya ubavuni yana meno kama ya msumeno. Akitishwa hujikunja nusu duara na kuyasugua magamba hayo pamoja. Ni mdogo, kwa kawaida sentimita 30 hadi 60, rangi yake ni ya mchanga na kutu, na kwa udogo huo watu humdharau. Bafe, ambaye wengine humwita moma, ni mnene zaidi, ana alama za V mgongoni, na hupuliza kwa pumzi.

Sumu ya huyu mdogo huzuia damu kuganda. Mtu anaweza kuona uvimbe tu akajiona yuko salama, kisha baada ya saa kadhaa fizi zinaanza kutoka damu. Ndiyo maana nasema: aliyeumwa aende hospitali hata kama anajisikia vizuri. Avue pete na bangili, kiungo kilichoumwa kitulizwe kisitikisike, na abebwe badala ya kutembea. Msikate, msinyonye, msifunge kamba, wala msipoteze muda kumsaka nyoka. Hospitalini wana kipimo rahisi: damu kidogo huwekwa kwenye chupa kavu ya kioo, huachwa dakika 20, halafu hutazamwa kama imeganda.

Wewe endelea na tochi, na viatu vilivyofunika vidole.

Shambani kwangu kuna vilima vidogo vinavyotema udongo vyenyewe, kama volkano. (Isiolo)

Una bahati kubwa! Chini ya vilima hivyo wamo fuko uchi, wanyama wasio na manyoya, urefu wa kidole, wanaochimba kwa meno. Hufanya kazi kwa foleni, na wa mwisho ndiye anayerusha udongo nje kwa miguu, hasa mvua ikishalainisha ardhi. Wanaishi kama nyuki: malkia mmoja ndiye anayezaa, akipandwa na madume wachache, na wengine karibu wote ni wafanyakazi. Mwaka 1981 Jennifer Jarvis alilieleza jambo hilo kwa ulimwengu wa sayansi, baada ya kuwachunguza fuko waliotoka hapa Kenya. Panya wa kawaida haishi miaka mingi, lakini hawa wanaweza kupita 30.

Panzi na nzige nitawatofautishaje? Tangu mwisho wa 2019 tukiona panzi watano tunaogopa. (Mandera)

Hofu yenu naielewa, maana makundi yale yaliingilia kwenu. Panzi watano waliotawanyika, rangi ya udongo au majani, si kundi. Tazama rangi na mwendo. Nzige wa jangwani waliojikusanya ni wa waridi wakiwa wachanga na wa manjano wakikaribia kutaga, na huruka mchana, pamoja. Wasio na mabawa bado ni manjano yenye madoa meusi, nao hutembea kama jeshi. Ukiwaona hao, piga picha na uwapelekee maafisa wa kilimo siku hiyohiyo. Kila mmoja hula uzito wake, gramu mbili hivi, kwa siku.

Mwalimu, nani anachimba vishimo kama faneli chini ya paa la darasa? (Mwanafunzi, Garissa)

Ni kiluwiluwi wa mdudu ambaye kwa Kiingereza huitwa antlion, mwenye taya kali, amejificha chini kabisa ya kishimo akingoja chungu ateleze. Chungu akijaribu kupanda, humrushia mchanga mpaka aporomoke. Akikua anaota mabawa na kufanana na kereng'ende. Chukua unyasi, gusa ukingo taratibu, uone mchanga ukirushwa.